Kilo Mbili za Umande

Kituo cha chai, Kandete. Saa tatu, ukungu bado.
Agizo la msimamizi ni la mdomo, halina karatasi:
"Kila mzigo, toa kilo mbili. Andika umande."

Jana majani yalikuwa makavu. Nikaandika umande.
Juzi jua lilichoma hadi bati likalia.
Umande.

Leo Tusajigwe kashusha kikapu,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Haangalii mshale. Ananiangalia mimi,
anauliza kama mguu wa mama umepona.

Kumi na tisa, mshale unasema.
Kalamu imezoea kumi na saba.

Nina kodi ya chumba. Nina mkataba wa miezi mitatu,
umebaki mmoja.

Naandika kumi na tisa.
Mkono unatetemeka
kama wa mwizi.