Saa Isiyo na Mwenyewe

Kwanza iliondoka mitungi ya gesi.
Mmoja kwa Hamdun, miwili kwa bint Sleyum,
wangu ukarushwa ukuta
na chai yangu ya asubuhi ndani yake, sijaipika bado.
Kisha shaba: mabomba ya viyoyozi
yamekatwa safi kama kitovu,
na joto la Juni likaingia
bila hodi, likakaa sebuleni.

Mabela tukatazamana.
Wenye Kiswahili tulinong'ona kwa Kiswahili,
wenye Kibalushi kwa Kibalushi,
na lugha zote zikanyoosha kidole kimoja
kwa Rafikul, fundi cherehani,
maana hutembea usiku,
maana hana wa kumsemea.
Nami nilikuwamo. Siandiki haya ili nijitoe.

Sajini Mudrik akaja bila king'ora,
akavua kofia, akaomba maji,
akakalia kiti cha plastiki chenye mguu mbovu.
Tulikuwa tumemwandalia jina. Hakulitaka.
Akafungua daftari, akauliza:
"Nani huwa macho, na saa ngapi?"

Basi tu.

Tukacheka, kisha tukahesabu.
Saa tano Rafikul, anapiga pindo;
akichoka huzunguka mtaa kwa sababu ya mgongo.
(Mgongo! Hakuna aliyewahi kumuuliza.)
Saa sita Thuwaiba anarudi zamu ya hospitali,
viatu mkononi asiwaamshe wanawe.
Saa saba Hamdun na kibofu chake, alisema mwenyewe.
Saa tisa Gulzari anawasha tanuri la mkate.
Saa kumi mimi, rakaa zangu mbili na kikohozi.
Alfajiri ni ya watu wote.

Mudrik akaizungushia duara saa nane.
Haikuwa na mtu.
Ilikaa kwenye karatasi kama pengo la jino,
na sote tukajua mwizi anapitia wapi.

"Gari langu lina mitaa kumi na minne," alisema.
"Nikiahidi kila usiku nitakuwa mwongo.
Nipeni macho, mimi nitaleta miguu.
Msimguse mtu. Msimkimbize mtu.
Bonyezeni tisa mara nne, halafu mngoje."

Saa nane nikaichukua mimi.
Tangu Seif aondoke kitanda ni kipana mno,
usingizi hunipotea humo.
Usiku wa kwanza: paka.
Wa pili: paka yule yule, na mimi.
Wa tano: pikapu nyeupe, taa zimezimwa.
Mkono ulitetemeka, nikabonyeza tisa mara tano,
nikaanza upya.

Namba ya gari sikuiona, macho yangu yana miaka sabini.
Aliyeiona ni Rafikul, mgongo ulimgomea kulala.
Hakuwa na karatasi. Akaiandika kwa chaki ya ushonaji
kwenye kanzu ya Hamdun, kifuani,
nayo kanzu ikafika kituoni
kabla haijafika kwa mwenyewe.

Vijana wawili. Mmoja namjua:
nilimpa halua siku aliyohitimu,
mtoto wa lango la kijani, mtaa huu huu,
Kiswahili chake kizuri kuliko cha wajukuu wangu.
Furaha niliyokuwa nimeiwekea akiba
niliitafuta, sikuiona.
Mudrik alirudi, akanywa maji, hakuleta pongezi.
Alileta kanzu.

Kwa Rafikul nilipeleka sahani ya wali, na kuomba radhi.
Sahani aliipokea upesi. Radhi aliitazama kwanza,
kama kitambaa asichojua kitatosha au la.
Kisha akasema, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga,
"Mama, kaa."
Nikakaa.

Saa nane bado ni yangu.
Siku hizi lango la kijani nalo lina taa juu,
na kivuli cha mwanamke asiyelala.
Jana nilimpungia mkono gizani.
Sijui kama aliona.
Mudrik akija nitamwambia afungue daftari,
saa nane aandike: watu wawili.