Vidole Vitatu

Kwenye mwimo wa mlango wangu kuna misumari minne.
Wa kwanza uko usawa wa kifundo cha mguu: ni Aprili,
mwaka tuliohamia Mukuru, tukadhani ni bahati mbaya.
Wa pili, goti.
Wa tatu, droo ya kabati, ile yenye vyeti vya kuzaliwa,
tukavianika juani vikajikunja kama majani ya sukuma.
Wa nne sitaki kuusema.
Mtoto wa Nekesa alilala juu ya meza usiku ule,
mama yake kasimama majini, kamshika mguu
asije akageuka usingizini.

Tulisema ni mto. Kila mtu alisema ni mto.
Mto Ngong hauna wakili;
ukiulaumu, unapita tu.
Tuliilaumu kaunti pia. Ikatuletea kibao cha onyo,
nacho kikaenda na maji.

Halafu Ogeto, fundi wa vigae,
akaja Jumamosi na mpira mwembamba unaopitisha mwanga.
Akaujaza maji ya mtungi, akatoa viputo
kwa kuugongagonga kwa kidole,
akampa Syombua ncha moja asimame nayo bombani,
nyingine akaishika mwenyewe mlangoni pa kinyozi.
"Tulieni," alisema. "Maji hayana mjomba."
Tukangoja yatulie.

Akachora kwa chaki, ukuta hadi ukuta.
"Vidole vitatu kila milango kumi.
Yanataka hivyo tu. Maji si makaidi,
yape vidole vitatu, yataondoka yenyewe."
Milango kumi, vitatu. Milango ishirini, sita.
Watoto wakafuata wakihesabu kwa sauti
hadi duka la mkaa na mafuta ya taa,
ambapo chaki ilikataa kushuka.
Ikapanda. Kiganja kizima.

Duka ni langu.

Baraza ile niliimwagia zege mwaka juzi
wateja wasikanyage tope.
Palipokuwa mtaro nililaza bomba la inchi nne,
nikajiambia linatosha. Nilijua halitoshi.
Muuzaji aliniuliza, "Ni la sinki?"
Nikamwambia ndiyo.

Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililokuwa zito.
Nekesa alimfunga mwanawe leso upya mgongoni,
akaangalia upande wa reli.
Ogeto akakunja mpira wake polepole,
kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.

Nikaenda kuazima nyundo.
Ya Syombua ina mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli,
ukipiga unakurudishia nusu ya hasira.
Zege lilianza kupasuka magharibi. Chini yake:
nepi, viatu vya kushoto vitupu,
sufuria isiyo na kitako, redio,
mifuko ya unga ya miaka yote,
na harufu ambayo sote tuliipika.
Tulichota kwa sepetu na makarai,
na makarai yalipokwisha, kwa madebe ya rangi.
Kinyozi alichota kwa kofia yake. Sijui kwa nini.

Mvua ilikuja Jumanne, saa nane za usiku, bila radi.
Niliwasha kurunzi, nikakalia debe kama mlinzi wa benki.
Maji yakashuka, yakafika dukani, yakapunguza mwendo,
naapa yalipunguza mwendo,
kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kufukuzwa.
Kisha yakapita.
Msumari wa kwanza ulibaki mkavu.

Niliingoja furaha. Ikaja nusu.
Alfajiri simu ya Nekesa ikalia: dada yake,
anayekaa kule chini, nyuma ya kiwanda cha magunia.
"Leo yamekuja mapema," alisema, "tena kwa kasi.
Kumetokea nini huko juu?"

Nekesa alinipa simu nijibu mimi.

Jumamosi hii Ogeto ameshaujaza mpira.
Tunateremka naye, watoto mbele wanahesabu,
nami begani nina nyundo ya watu
ambayo bado sijairudisha.