Shubiri Moja na Nyanda Mbili

Kunjua kiganja, Ezaru.
Gumba kwenye mdomo, kidole cha mwisho kiguse soksi:
hiyo ni shubiri moja.
Kwako naongeza nyanda mbili,
maana umelelewa kwenye meza ya samaki
na sauti yako imezoea kuvuka soko zima la Arua
kumfikia mteja aliyekwisha kuondoka.

Ndiyo, ni soksi. Ya shule, ya dada yangu,
nimeivalisha waya wa kutundikia shati.
Sema "papai."
Umesikia? Hiyo P imepiga mlango teke.
Geuza kidevu kidogo, pumzi ipite pembeni ya maiki,
sema tena.
Sasa imebisha hodi.

Chumba hiki ni cha kulala. Hakijui kama ni studio.
Ukuta ule wa saruji hauna siri,
ukiuambia neno unalirudisha papo hapo, limepungua utamu;
ndiyo maana godoro limesimama nyuma yako
na kabati la marehemu baba liko wazi mbele.
Makoti yake manne yananisaidia kazi.
Alipokuwa hai naye alikuwa hivyo:
maneno yaliingia kwake na hayakutoka.
Kiswahili cha kuamrisha nilikipata kwake, cha kambini;
cha kubembeleza nimejifunzia hapa,
nikiwaomba watu wasimeze maiki.

Usiimeze. Ukikaribia hivyo
sauti inanenepa, inakuwa ya mtu aliyetia kichwa mtungini.
Ukirudi nyuma hivyo, chumba chote kinaimba nawe,
kitanda, taa, mbuzi wa Mama Zubeda.

Ngoja. Onzima anasaga muhogo.
Mashine yake ikinyamaza tuna dakika kumi
kabla ya gunia lingine.

*

Mara ya kwanza ilikuwa nzuri, ila neno "mama" lilidondoka.
Mara ya pili "mama" lilidondoka.
Nikabandika gundi ya karatasi sakafuni, miguu yake isitoke.
Miguu haikutoka. Shingo ndiyo iliyotoka:
kila alipolifikia neno hilo uso ulikwenda kushoto,
polepole, kama mlango usio na komeo,
na neno likaishia kwenye pazia.

Nikasema ninachowaambia wote: tazama mbele.
Akatazama mbele. Neno likaingia lote,
safi,
na halikuwa na mtu ndani yake.

Ndipo akasema, kwa sauti kubwa, maana hakuvua hedifoni,
"Mama ana sikio moja, Adriko. La kulia.
Tangu utotoni nakaa kulia kwake, pale mezani.
Namwimbia nikigeuka."

Nilikuwa nimepima shubiri, nyanda, pembe, pumzi.
Sikuwa nimeuliza anamwimbia nani.

Nikalegeza parafujo ya stendi.
Nikaihamisha kushoto, nikaishusha
hadi linapofika sikio la mwanamke aliyeketi kwenye kigoda.
Ezaru naye akavuta kigoda, akaketi.
Waimbaji hawaketi, nimewakataza wengi:
tumbo linakunjika, pumzi inakatika njiani.
Yeye nikamwacha.

Kijani kilipanda kwenye skrini,
kikaonja manjano, hakikugusa nyekundu.
Ubeti wa tatu, Onzima akawasha mashine.
Usiku kucha nimejaribu kuiondoa;
imeng'ang'ania chini ya sauti
kama chembe ya mchanga kwenye unga,
na unga huo, nadhani, ulikuwa wa wanunuzi wao wa samaki.
Nimeiacha.

Kesho tunampelekea mama.
Spika nitaishika mwenyewe, upande wa kulia,
umbali wa shubiri moja.