Muhtasari wa Alhamisi

Akidi imetimia saa nne na robo.
Naandika waliohudhuria, waliotoa udhuru,
na yule wa Kirua aliyenasa kwenye tope
akatuma neno kuwa mvua imemzuia
asije kuzungumzia ukame.
Hilo sikuliandika.

Muswada uko mezani, kurasa sitini na tatu,
umetoka Dodoma kwa basi la usiku.
Tulipewa siku kumi na nne kutoa maoni.
Tisa ziliishia njiani.

Mwanasheria anasoma kama mtu anayehesabu chenji:
maji yote, ya juu ya ardhi na ya chini yake,
ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Waziri.
Feni inageuza shingo.
Anainuka Mheshimiwa Ndelilio, diwani wa mlimani,
koti lake la harusi, tai fupi:
"Babu zangu walichimba mfongo kwa jembe la mti,
kwa zamu, kwa mbege,
wakayabembeleza maji yapite ubavuni mwa jabali.
Leo niombe kibali?
Nilipe ada, akaunti gani,
kwa maji yaliyonibatiza?"

Makofi, meza zinagongwa.
Naandika: *Mjumbe alitaka ufafanuzi kuhusu ada.*

Ndiyo kazi yangu.
Mto unaingia kwenye kalamu kwa kishindo,
unatoka kijiko.

Mimi pia ni mtoto wa mfongo.
Zamu ya baba ilikuwa Jumanne usiku.
Tulishuka na taa ya chemli, yeye mbele,
tukavuta kigogo cha mgomba mdomoni mwa mfereji,
na maji yakaingia kihambani bila kubisha hodi,
yakapita kahawa, yakapita magimbi,
yakanigusa vidole vya miguu, baridi ya theluji.
Nilipiga makofi leo. Karani hapaswi kupiga makofi.

Bi Nakijwa wa tambarare hakupiga.
Alisubiri hadi meza zikanyamaza,
akasema akiwa amekaa, maana goti linamsumbua:
"Januari mto ulinifikia ukiwa mchanga.
Sare za wanangu nilifua kwa maji ya kuoshea mchele.
Mkisema *yetu* huko juu,
neno hilo hutufikia huku limekwisha kukauka.
Ada siitaki, sina. Lakini kipimo nakitaka.
Wekeni mita. Anzeni na kwangu,
ionekane nasoma sifuri."

Hakuna aliyekohoa.
Nikaliangalia neno nililoliandika asubuhi nzima,
kata, kata, kata ya nani, kata ya wapi,
nikakumbuka kata ya bibi, kibuyu chenye mpini,
kilichoning'inia juu ya mtungi
na kila mtu akanywea hicho hicho.

Saa nane wakafika kwenye msimamo.
Baraza linaunga mkono muswada kwa ujumla,
isipokuwa kifungu cha kumi na nne:
mifongo ya asili isitozwe,
ila ipimwe, na wa chini wakae kwenye kamati ya wa juu.
Linaomba, nikaandika.
Mkurugenzi akafuta: linapendekeza.
Mwenyekiti akafuta: linasisitiza.
Nusu saa tukapigania kitenzi,
na bomba la chooni likikoroma hewa tupu,
kwani Alhamisi si siku ya mgao wetu.

Nikabaki peke yangu na mashine ya kuchapa nakala.
Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu.
Zamu yetu iliisha saa tisa za usiku.
Saa tisa baba alipaswa kurudisha kile kigogo.
Alisahau.
Alisahau kila Jumanne, mpaka kukapambazuka,
nami nilishika taa.

Maneno ya Bi Nakijwa nimeyaingiza yote,
sikuyapunguza hata tone.
Mkurugenzi amepitia, kalamu nyekundu mkononi:
"Huu mchele umeingiaje kwenye muhtasari?"

"Ulisemwa," nikamjibu.
Akanitazama kwa muda.
Akafungua ukurasa wa pili.