Saa Tisa Usiku, Punta Arenas

Redio yangu ina donge la unga kwenye kitufe cha sauti.
Haipandi, haishuki:
vita na bei ya sufi vinatoka kwa kimo kimoja.

Leo inasema
makuli wamegoma, siku ya kumi na moja;
waziri atajiuzulu, au hajiuzulu, ataamua Ijumaa;
na huko Siberia, katika ziwa Baikali,
wataalamu wametoboa barafu
wakateremsha macho ya kioo kwa nyaya,
chini, chini, hadi giza lisilo na samaki,
ili wanase nutrino.

Nikaacha kukanda.
Mtangazaji alilitamka neno lile
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.
Chembe, akasema, hupenya chuma, hupenya mlima,
hupenya dunia nzima pasipo kubisha hodi.
Kila sekunde, katika ukucha mmoja, mabilioni.

Nikatazama ukucha wangu. Ulikuwa na hamira.

Yasna, msaidizi wangu, miaka kumi na tisa,
husikiliza muziki unaofanana na mashine ya kufulia
iliyotiwa mawe.
Nikamwambia, "Unapitiwa na nyota."
Akachomoa sikio moja: "Nani kapita?"
Kaka yake yuko getini, bandarini, kando ya pipa la moto;
kwake wa kupita ni polisi.

Shuleni, Sista Perpetua alichukua tufe la karatasi
akalichoma kwa sindano ya kufumia.
Iliingia hapa kwetu, mwisho wa ramani,
ikatokea ukingoni mwa ziwa lile lile.
Tulicheka: kumbe kuna watu
tumekanyagana nyayo kwa nyayo!
Nilichapwa kwa kicheko hicho. Miaka hamsini na nane.

Basi kinachoshuka leo kwenye bati la paa langu,
kikapita katika unga, na paka, na Yasna,
kinaendelea na safari, tumbo zima la dunia,
hadi kwenye maji yao.
Na moja, katika hesabu isiyohesabika, ikijikwaa,
maji humeta buluu, kidogo,
na mtu aliyevaa kofia ya manyoya huamka kitini.
Nyingine zinapanda kutoka sakafuni,
maana jua saa hii liko huko, chini ya tanuri.

Nina santuri moja tu niipendayo.
Walsi ya kodiani; jina lake lililiwa na panya.
Marehemu kaka yangu Mladen aliikwaruza akiwa amelewa,
usiku wa arusi yangu, na hakuomba radhi.
Dakika ya pili walsi hujikwaa,
hurudi nyuma, hujikwaa, hurudi,
mara tatu, kisha hukumbuka njia.
Mpwa wangu alinitafutia iliyo safi.
Niliisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.
Ilipita.

Kama habari zinavyopita. Juzi mji ulifurika,
jina lake nilikuwa nimelisahau
kabla mkate wa pili haujaiva.
Waliokufa walitajwa kwa mamia kamili,
kana kwamba mauti hununua kwa jumla.
Nilisema "masikini," nikageuza trei.
Ningeizima redio, lakini
mikono yangu daima ina unga,
na huo ni udhuru, najua.

Magunia yamebaki matatu. Meli ya ngano
imetia nanga ng'ambo ya mgomo, naiona taa yake.
Nimefunga mikate arobaini ndani ya shuka.
"Peleka getini," nikamwambia Yasna.
"Niwauzie bei gani?"
"Shika kamba pale kona," nikasema. "Upepo umeamka."

Akaenda. Redio ikarudia Ijumaa.
Nikaweka sindano juu ya santuri,
nikarudi kwenye tanuri na trei mkononi,
na dakika ya pili ilipofika,
nikasimama.