Jiwe Halisinyai

Udongo wa Sake ulifika kwa chukudu,
magunia mawili yakidondosha maji
njia nzima hadi Ndosho.
Kambere akadai franka za kilima.
Nikamlipa, nikasahau kumpa chai:
mikono ilishaanza kukanda.

Mawe siyanunui.
Goma hii unachimba choo, jiwe;
unatafuta pa kupanda sombe, jiwe;
unamzika mtu, unaazima nyundo.
Lakini hili nililiokota Majengo,
pale palipokuwa jiko la shangazi Kasoki:
jeusi, jepesi, lina matundu kama mkate,
na katika tundu moja kitu kinang'aa,
mpini wa kijiko, au sufuria, sijui.
Mlima hauandiki majina ya vitu ulivyomeza.

Nikaumba mgongo wa mwanamke,
mgongo tu, bila uso,
nikamfunga jiwe kwa kitenge cha udongo.

Udongo ukikauka husinyaa.
Jiwe halisinyai.
Ugomvi wote wa kazi hii uko hapo.
Wa kwanza nilimtilia kokoto la Kituku,
nikadhani ni kavu; lilikuwa limeficha ziwa.
Lililipuka usiku, likavunja
na bakuli sita za harusi ya watu.

Safari hii nilingoja wiki tatu.
Nikapanga makala, maganda ya kahawa, mabati juu.
Usiku ule mlima nao uliwasha taa yake.
Sikuutazama. Kila mtu na tanuru lake.

Asubuhi kitenge kimechanika
toka begani hadi kiunoni.
Jiwe limetoka kama lilivyoingia:
lilishapita motoni kabla yetu,
moto wangu kwake ni jua la saa nne.
Likawa linacheza mgongoni, kwa, kwa,
na mimi nikatafuta saruji ya kuziba.

Ndipo shangazi akaingia, kapu la viazi mkononi.
Hakuuliza ni nini.
Akaweka kapu chini,
akapitisha vidole viwili ndani ya ufa,
akalipandisha lile jiwe kidogo,
kama unavyompandisha mtoto aliyeteleza
na safari bado ndefu.

Likatulia.

«Shangazi, utaungua,» nikasema.
Akapuliza vidole.
Akaniuliza kama nimekula.