Mwosha Vioo

Kazi yangu ni kuosha vioo.
Watakwambia maabara ya taifa ni ya madaktari,
na ni kweli; ila kila jibu walilolipata
lilianzia kwenye chupa niliyoisugua mimi,
mara tatu kwa maji ya bomba,
mara mbili kwa yale yaliyosafishwa hadi yakakosa ladha.

Miaka minne walihangaika na karatasi.
Kijikaratasi, upana wake ukucha wa kidole gumba.
Daktari Jerotich akipake hiki, akichovye kile,
akitazame, akitupe.
Ndoo ya taka niliimwaga mimi.
Nimebeba makosa ya sayansi kwa mkono wa kushoto,
wa kulia umeshika ufagio.

Jumanne moja ya Julai,
Kabete imejifunika ukungu hadi puani,
karatasi ikasema.
Hakuna aliyepiga makofi.
Jerotich alivua miwani, akakaa juu ya kreti,
akaomba chai isiyo na sukari, naye hupenda sukari.

Ni hivi: kijiko cha unga, spiriti kidogo,
tikisa, chovya, hesabu dakika tano.
Mistari miwili, pika.
Mstari mmoja, mwaga: sumukuvu imo.
"Mbona kinyume?" nikauliza na kitambaa mkononi.
"Kile kipimo cha mimba, miwili ndiyo yenye habari!"
Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaandika.
Leo pakitini pana picha:
miwili kando ya sufuria, mmoja kando ya jembe na shimo.
Jina langu halimo. Nasema tu.

Pale Kangemi, Ondieki wa mashine ya posho
amezitundika karatasi kwenye msumari wa mizani.
Mwanzo watu walinung'unika:
"Mahindi yangu yakaguliwe kama mwizi wa kuku?"
Siku hizi wanainama wote, midomo wazi,
wakingoja rangi ipande kama wangojao matokeo ya mtihani.
Na Nekesa muuza uji, kila alfajiri,
hubandika ya siku hiyo kwenye chupa ya chai,
mistari miwili mahali palipokuwa na bei.

Mwezi wa tisa likaja gunia kutoka Kibwezi.
Fundo nalijua: mama hufunga katani
kama anayemfunga mbuzi mkorofi.
Punje nyeupe, nzito, safi kama meno ya mtoto.
Nilipima kwa mzaha.
Mmoja.
Nikaosha kikombe upya, mimi niliyezaliwa kuosha, nikapima.
Mmoja.
Wa tatu sikuungoja; niliuona ukikataa kuja.

Simu ikalia. "Yamefika?"
"Yamefika, mama."
"Matamu?"
Nikasema mtandao unakatika.

Kangemi huna pa kuchimba shimo,
ukichimba unakutana na bomba la jirani.
Nikaomba tanuri la maabara.
Gunia zima, bakuli kwa bakuli,
jasho la mama, mvua yake moja ya mwaka.
Ikatoka harufu ya mahindi ya kuchoma,
tamu, tamu ya kutia aibu,
hata Lokwang wa getini akaja akiuliza
nani anachoma bila kukaribisha wenzake.
Sikumjibu. Mate yalinijaa na mimi.

Kamba ya katani niliiweka.
Nilifungia nayo kifurushi: turubai ya kuanikia,
karatasi ishirini, spiriti,
na barua fupi ambayo Mutinda mdogo angemsomea:
usianike chini, mama, udongo ndio unaoleta.

Wiki mbili kimya. Kisha jana jioni:
"Karatasi yako, Mutheu, imetoa mmoja."
"Ya ghalani?"
"Ya ghalani."
Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu;
niliyasikia yakielea tu, kama povu.
"Je," akauliza, "kuku nao wasile?"
"Hata kuku, mama."

Hakukata simu.
Nilimsikia akiiweka juu ya kitu cha bati,
hatua zake zikienda mbali,
kisha mkono ukipigwa kwenye kanga,
mara moja, mara mbili:
Shuu! Shuu! Tokeni hapo!